Sosi kwa Simu

Maji yamechemka mara ya kwanza.
Nayamwagia kikombe cha maji baridi, yanatulia
kama mtoto aliyekemewa mbele ya wageni,
na jiaozi arobaini alizokunja Peizhen tangu adhuhuri,
matumbo yamejaa nguruwe na kabichi chachu,
zinarudi chini ya sufuria kunyamaza.

Dirishani barafu ya Mudanjiang ina unene wa kidole.
Chupa ya sosi ya dukani imekwisha.
Nimeitikisa, nimeipiga kitakoni,
imetoa tone moja jeusi, la kejeli.

Nampigia Mama, wodi ya mifupa, ghorofa ya sita.
Nyonga yake ina chuma kipya,
ulimi ni uleule.
"Luan Jishan," ananiita jina zima, kama karani wa mahakama,
"una miaka hamsini na miwili, unatengeneza lifti za watu,
na bakuli la sosi linakushinda?"

Linanishinda, Mama. Sema upesi, maji yanapanda tena.

"Kitunguu saumu, punje nne. Usikate. Ponda."
Naponda kwa ubapa wa kisu, ganda linajivua lenyewe,
harufu inanipanda hadi nyuma ya macho.
"Chumvi kidogo."
Kidogo kiasi gani?
"Kidogo cha mtu asiye bahili wala mlevi.
Kisha pilipili ya kusaga, ikae juu kama kofia.
Na ufuta, ukiupata."
Nimeupata, nyuma ya pakiti ya chai,
pamoja na risiti ya mwaka juzi
na kifungo cha koti nililokwisha kulitoa sadaka.

Mara ya pili. Maji baridi. Kimya.

"Sasa mafuta. Pasha kwenye upawa tu,
hatukaangii kijiji kizima."
Upawa juu ya moto. Moshi mwembamba, uzi wa kushonea.
Yameiva?
"Nitajuaje, nami nimelala chali? Weka simu karibu na bakuli."

Naiweka. Peizhen ananitazama
kama anavyotazamwa mtu anayelionyesha bakuli simu.
Namimina.

Chwaaa!

Pilipili inainuka, inatoa povu, inatulia nyekundu;
saumu inashika rangi pembeni.
Upande wa pili, hakuna neno.
Mashine inalia pii, pii. Mtu anakohoa mbali.

"Umewahi kidogo," Mama anahukumu.
"Mafuta yaliyoiva husema neno moja, basi.
Yako yamenung'unika. Lakini italika.
Siki nyeusi, vijiko vitatu. Mchuzi wa soya, viwili.
Mafuta ya ufuta, matone, usioge nayo."

Nakoroga. Nadhani tumemaliza.

"Na sukari," anasema. "Chembe. Ya Peizhen."

Kijiko kimesimama.
Peizhen ni wa Suzhou, kusini, wanakotia sukari hata kwenye samaki,
na miaka ishirini na sita sukari haikukanyaga bakuli lile.
Walipigana kwa heshima, kwa vifuniko vya makopo:
mmoja akifungua, mwingine akifunga.
Mara moja, Mwaka Mpya, Mama alimwaga sosi nzima sinkini
akatengeneza nyingine, huku akitabasamu.

Peizhen amesikia. Spika iko wazi.
Hasemi kitu. Anavuta kopo la sukari,
anatia chembe, chembe kweli,
unaweza kuzihesabu.

Mara ya tatu. Jiaozi zimeelea, zimevimba,
zinagongana kama watu sokoni.
"Zitoe, mpumbavu, zitapasuka!" inapiga kelele simu
iliyosahaulika kando ya bakuli.

Tunakula tumesimama, midomo inaungua.
Kali, chachu, na nyuma kabisa, tamu
inayopita kama mtu anayeaga mlangoni.

Kisha namwona Peizhen ameiosha ile chupa tupu,
ameikausha, anaijaza sosi hadi nusu,
anafunga kifuniko kwa nguvu.
Kesho saa tisa ndiyo saa ya kuwaona wagonjwa,
na uji wa hospitali, Mama anasema, hauna jina.

"Utampelekea hii yenye sukari?" namuuliza.
Hajajibu.
Analamba kidole, anafikiri.